Mkuki, Bunduki na Shabaha: Habari ya Nchi ya Wagusii

Msomaji, ukipata siku moja kusimama juu ya magenge ya Manga, katika kaunti ya Nyamira, utaiona nchi ya Wagusii imekunjamana chini yako, kilima na bonde, kilima na bonde, mpaka macho yachoke. Mtazame mtu alimaye ng'ambo ya bonde. Waweza kuliona jembe lake likipanda na kushuka. Lakini ukitaka kumfikia, huna budi kuteremka, kuvuka kijito, na kupanda tena. Kwa macho ni hatua mia nne tu, lakini kwa miguu ni safari. Ukiufahamu umbali huo, umekwisha kuanza kuifahamu habari ninayotaka kukueleza. Maana mwanzoni mwa karne ya 20 mambo makubwa ya nchi hii yaliamuliwa na umbali.

Silaha za Wagusii zilikuwa mkuki, upinde na ngao ya ngozi. Vijana walikaa katika ebisarate, yaani maboma ya ng'ombe, wakilinda mifugo na kujifunza vita. Wala hawakuwa watu wa kudharauliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 waliwashinda Wakipsigis katika vita vikumbukwavyo mpaka leo kwa jina la Saosao. Lakini mkuki una mpaka wake. Hata mkono wenye nguvu hauurushi kwa uhakika kupita hatua thelathini au arobaini. Kwa hiyo vita vyote walivyovizoea vilikuwa vita vya kukaribiana, na aliyekuwa shujaa ndiye aliyethubutu kukaribia.

Sasa tuitazame bunduki. Bunduki za zamani, kama gobore, zilikuwa na mtutu laini ndani. Risasi yake ilikuwa duara, nayo ilitoka ikiyumba, hata kumpiga mtu mmoja aliye mbali kupita hatua mia ilikuwa bahati kuliko ustadi. Mabadiliko yalikuja mafundi walipozoea kuchonga ndani ya mtutu mifereji myembamba izungukayo toka nyuma hata mdomoni. Risasi ipitapo humo hulazimika kuzunguka, na ikiisha toka huendelea kuzunguka hewani. Mtoto achezapo pia anaijua siri hii: pia ikizunguka husimama wima, na ikiacha kuzunguka huanguka. Vivyo hivyo risasi izungukayo hushika njia yake. Bunduki ya namna hiyo ndiyo iitwayo raifali.

Huko Uingereza raifali ilipendwa kwa vita na kwa mchezo pia. Mwaka 1859 kiliundwa Chama cha Taifa cha Raifali, ili raia wajizoeze kulenga. Mashindano yake ya kwanza yalifanyika Wimbledon, karibu na London, mwezi wa Julai 1860. Malkia Victoria mwenyewe aliyafungua. Bunduki iliwekwa juu ya egemeo la chuma, ikaelekezwa kwa makini, na Malkia akavuta kamba ya hariri. Risasi ikaenda yadi 400, yaani karibu mita 366, ikapiga karibu sana na kitovu cha shabaha. Watazamaji wakashangilia. Ulikuwa mchezo, na kilichotobolewa ni shabaha tu.

Bunduki iliyotumiwa siku ile ilibuniwa na mhandisi Joseph Whitworth. Ndani ya mtutu wake palikuwa na pembe sita, na kwa kulenga mbali iliishinda bunduki ya jeshi ya wakati ule. Hata hivyo jeshi la Uingereza liliikataa. Ilikuwa ghali, na masizi ya baruti yaliuziba mtutu wake upesi. Hapa, msomaji, pana jambo la kuzingatiwa na kila achaguaye chombo: kilicho bora kwa kazi moja si lazima kiwe bora kwa kazi nyingine. Mwenye kucheza hutaka bunduki ipigayo pale pale kila mara, naye ana nafasi ya kuisafisha na kuitunza. Askari hutaka bunduki isiyokwama kwa matope, ijazwayo upesi, yenye kulenga kwa kadiri ya kutosha. Jeshi lilichagua Martini-Henry mwaka 1871, kisha Lee-Metford mwaka 1888, na Lee-Enfield mwaka 1895. Risasi ya Martini-Henry ilitoka kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde moja, risasi ya.303 ya Lee-Enfield, katika namna yake ya mwaka 1910, ilikaribia mita 750. Risasi iendayo kasi zaidi huanguka kidogo zaidi njiani, na mlengaji akikosea kukisia umbali, kosa lake halimdhuru sana.

Lakini kuchagua ni haki ya mwenye nafasi. Mwaka 1890 madola yalikutana Brussels, Ubelgiji, yakatia sahihi mkataba uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo walikataza pia kuingiza raifali katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa mahitaji ya serikali zao na ya wachache waliopewa ruhusa. Kukomesha utumwa lilikuwa jambo jema. Lakini mlango uliofungwa mbele ya wafanyabiashara wa watumwa ulifungwa pia mbele ya kila Mwafrika ambaye angetaka kujilinda. Menelik wa Ethiopia alikwisha kukusanya makumi ya maelfu ya bunduki, naye akawashinda Waitalia huko Adwa mwaka 1896. Wagusii hawakuwa na bandari wala mabalozi. Waliingia karne mpya na mikuki yao.

Mwaka 1905 serikali ya Kiingereza ilipeleka askari wa King's African Rifles pamoja na polisi kuwaadhibu Wagusii, ikidai kwamba walikuwa wakinyang'anya ng'ombe za jirani zao. Wapiganaji waliwajia wakiwa kundi kubwa. Ofisa wa polisi, W. Robert Foran, aliacha maandishi juu ya vita hivyo. Aeleza kwamba bombom lilipigwa mpaka chuma chake kikakaribia kuwa chekundu kwa moto, na kwamba mamia ya Wagusii waliuawa na kujeruhiwa mbele ya singe za askari. Zingatia neno hilo la mwisho. Ili kufika mbele ya singe, watu wale walipita hatua zote mia nne, kisha mia tatu, kisha mia moja, katika mvua ya risasi, huku wao wenyewe wakiwa hawawezi kumgusa adui mpaka hatua zile chache za mwisho. Mwaka huo huo, katika nchi iitwayo leo Tanzania, wapiganaji wa Maji Maji waliikabili hatari ile ile kwa kutumaini dawa. Usiwacheke. Walikuwa wakitafuta njia ya kuuvuka umbali ambao silaha zao hazikuweza kuuvuka.

Mwezi wa Januari 1908, kijana Otenyo, wa ukoo wa Getutu, aliivuka nafasi hiyo kwa namna nyingine. Masimulizi ya Wagusii husema kwamba alitiwa moyo na mwanamke shujaa na mwaguzi, Moraa, aliyewashutumu vijana kwa kuwaacha wageni waitawale nchi. Otenyo alimvizia ofisa wa Kiingereza wa huko, Geoffrey Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti, akamchoma mkuki kwa karibu. Northcote akapona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Lakini kwa mkuki ule mmoja serikali ilituma jeshi tena. Mapema mwezi wa Februari taarifa zilifika London kwamba Wagusii 160 walikwisha kuuawa na ng'ombe zaidi ya 5,000 kuchukuliwa, bila hasara mpya upande wa askari. Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu waziri wa makoloni, hakupendezwa na taarifa hizo. Aliandika kwamba jambo hilo linafanana na machinjo, na akauliza kama ni lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa wingi namna hiyo. Aliogopa pia Bunge litasema nini. Na Otenyo? Alikamatwa akauawa, na katika masimulizi ya kwao husemwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Baada ya miaka sita raifali zilikutana na raifali katika nchi hiyo hiyo. Septemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa imeanza, jeshi la Wajerumani liliingia Kisii toka upande wa kusini, na maofisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuuhama mji. Tarehe 12 Septemba askari wa King's African Rifles waliwashambulia. Pande zote mbili zilipata hasara, na baada ya mapigano kila upande ukarudi nyuma. Wakati ule makampuni mengi ya askari wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki yalikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, itumiayo baruti nyeusi. Kila ilipopigwa, wingu la moshi lilimfichua mpigaji. Bunduki ya .303 haikutoa moshi kama huo. Basi waona kwamba hata kati ya wenye raifali, aliyechaguliwa chombo cha zamani alilipa deni la yule aliyemchagulia. Wenyeji walipouona mji umeachwa, waliingia wakachukua mali za maduka na ofisi. Na Waingereza waliporudi, waliwaadhibu kwa kuwanyang'anya ng'ombe.

Pengine utauliza, baada ya habari hizi zote, kama raifali yaweza kupendwa na mtu wa amani. Yaweza. Mashindano yaliyoanza Wimbledon yalihamia Bisley mwaka 1890, na huko watu hulenga mpaka leo kwa yadi 300, 500 na 600, ule umbali wa katikati usiokuwa wa karibu wala wa mbali mno. Michezo ya Olimpiki ilikuwa na mashindano ya bunduki tangu Athens mwaka 1896. Achaguaye bunduki ya mchezo huo hutazama mambo machache yaliyo wazi. Kwanza mtutu, uwe mnyofu na mzima, maana hapo ndipo penye roho ya bunduki. Pili risasi, ziwe sawasawa kwa uzito na baruti, kwa kuwa mtutu mwema hauwezi kusahihisha risasi mbaya. Tatu kifyatulio, kiachie kwa ulaini bila kuutikisa mkono. Nne vilengeo, vionekane vizuri na kubadilishwa kwa kadiri ya umbali na upepo. Mwisho teke lake begani, lisiwe kali. Maana mwanafunzi aliyekwisha kupigwa teke hufumba macho kabla ya kufyatua, na afumbaye macho hapati kitu. Ndiyo sababu wengi huanza na bunduki ndogo ya .22, kwa mita 50 tu, yenye sauti ndogo na gharama ndogo, ambayo mtu aweza kuipiga mchana kutwa bila kuichoka. Mchezo huu ni wa watu wazima wenye idhini, au wa vijana chini ya macho ya mwalimu; na sheria ya Kenya haimruhusu raia kuwa na bunduki bila cheti.

Watazame wapigaji wa shabaha, nawe utaona kwamba sifa zinazotakiwa kwao ni utulivu, subira, na ukweli mbele ya karatasi iliyotobolewa. Karatasi haidanganyiki, wala haina mama wa kuililia. Raifali ile ile yaweza kuwa mwalimu wa mkono au mharibifu wa nchi. Tofauti yake haimo katika chuma, imo katika kile kilichowekwa mbele ya mtutu.

Basi usomapo habari za vita, msomaji, usiishie kuuliza nani alishinda. Uliza kila upande ulikuwa na silaha gani, na nani aliyepewa nafasi ya kuichagua. Usipouliza hivyo, utawaza kwamba mshindi alikuwa shujaa na mshindwa alikuwa mjinga au mwoga. Katika vilima vya Kisii na Nyamira haikuwa hivyo. Bunduki ilipima hatua mia nne. Ushujaa ulikuwa kwa wale waliozikimbilia hatua hizo mbele, mkuki mkononi, wakijua vema kwamba mkuki haufiki.