Nyundo na Soketi

Andiko la Isaya 2:4, lile la panga kufuliwa kuwa majembe, tumezoea kulisoma kama habari ya siku za mwisho. Asubuhi ya tarehe 9 Septemba 1980 watu wanane huko Marekani walilichukua kama kazi ya siku hiyo. Miongoni mwao walikuwa Padre Daniel Berrigan, Mjesuiti na mshairi. Nduguye Philip, aliyewahi kuwa askari katika Vita Kuu ya Pili. Sista mmoja, na mama wa watoto sita. Waliingia katika kiwanda cha General Electric huko King of Prussia, Pennsylvania, na nyundo mikononi.

Kiwandani humo yalitengenezwa maganda ya vichwa vya nyuklia. Kombora la Minuteman III lilibeba vichwa vitatu, na kila kimoja hufunikwa kwa ganda lenye umbo la pia, kisiungue kinaposhuka kutoka juu ya anga. Maganda waliyoyakuta yalikuwa matupu. Waligonga mawili, wakamwaga damu yao juu ya karatasi za ofisi, kisha wakasali wakisubiri kukamatwa. Mwaka 1981 walihukumiwa, baadhi yao kifungo cha hadi miaka 10. Walitaka kueleza mahakamani hatari ya silaha zenyewe, lakini jaji hakuipokea hoja hiyo.

Siku tisa tu baada ya tukio la kiwandani, katika jimbo la Arkansas, karibu na mji mdogo uitwao Damascus (msomaji wa Matendo ya Mitume atatua kidogo hapo), fundi wa jeshi la anga alikuwa akihudumia kombora la Titan II ndani ya shimo lake. Soketi ya spana ilimponyoka. Ikaanguka zaidi ya mita 20, ikatoboa tangi la mafuta. Usiku huo, kabla ya mapambazuko, kombora lililipuka. Askari mmoja alikufa, wengine 21 wakajeruhiwa, na mlango wa shimo wenye uzito wa zaidi ya tani 700 ukang'oka. Kichwa cha nyuklia kilirushwa nje, kikaanguka bila kulipuka. Nguvu yake ilikuwa megatoni 9, yaani kama mara 600 ya bomu la Hiroshima.

Hatuwatukuzi wale wanane kwa haraka. Kuvunja mali ya watu si jambo dogo, na Warumi 13 nayo ni Maandiko. Hata hivyo, nyundo zao ziliharibu maganda mawili matupu zikaitwa jinai; soketi ya fundi mtiifu, aliyekuwa kazini kwa amri, ilitosha kurusha bomu zima nje ya shimo. Kati ya mikono hiyo, ipi ilikuwa ya kuogopwa?

Mwaka 1990, baada ya rufaa za miaka mingi, mahakama iliwapunguzia wale wanane adhabu, nao hawakurudishwa gerezani. Titan II ziliondolewa kufikia 1987. Minuteman III zipatazo 400 zingali mashimoni.