Mwenye Nyumba Aliyegeuka Mgeni: Ubeti wa Kuchana katika Nyimbo za Kiswahili

Miongoni mwa mabishano yasiyokwisha katika vipindi vyetu vya kusikiliza na kuzungumza, limo moja linalohusu nyimbo. Mwalimu anapoleta wimbo darasani, na wimbo huo ukawa na ubeti mmoja wa mgeni anayechana, je, aupige wote au aukate kabla mgeni hajaingia? Wapo wenzetu wasemao kwamba ubeti ule huharibu wimbo mzuri, na huharibu lugha pia. Wapo wasemao kwamba bila ubeti ule wimbo hauna chumvi. Neno hilo limekaa mahali pake, kwa kuwa wanafunzi wautetao ubeti wa mgeni kwa nguvu zaidi wengi wao wanatoka Kasese, Bwera na Katwe-Kabatoro, penye ziwa la chumvi.

Yafaa tueleze kwanza hali ya Kiswahili cha huko. Katwe-Kabatoro ni mji mdogo wa wilaya ya Kasese, kando ya ziwa ambalo chumvi yake imevunwa kwa karne nyingi. Chumvi huleta wanunuzi, na wanunuzi huja na lugha zao. Mgodi wa shaba wa Kilembe, uliofanya kazi tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikusanya vibarua wa makabila mengi, na reli iliyofika Kasese mwaka 1956 ikazidisha mchanganyiko. Ukifika njia panda ya Kikorongo na kushika njia ya magharibi, unakwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ni Kasindi ya Kongo, ambako Wanande husema lugha iliyo karibu sana na Kikonzo cha upande huu. Kiswahili cha mpaka huo si cha vitabuni. Husikika *batoto* badala ya *watoto*. Mwanafunzi wa Bwera hufika chuoni akiwa nacho tayari, na mara nyingi jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba alicho nacho si Kiswahili. Ndiyo maana suala la kukata au kutokata ubeti wa mgeni si dogo kwake kama linavyoonekana.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Mabango na redio hutuambia kwamba msanii fulani *amemshirikisha* fulani. Kitenzi *shiriki* kimenyambuliwa katika kauli ya kutendesha, nayo kauli hiyo ina mwenye kutendesha: mmoja ni mwenye wimbo, mwingine ameingizwa. *Wameshirikiana* ni jambo jingine, hapo hakuna mwenyeji. Vijana wa Dar es Salaam husema mgeni *amepewa shavu*, na mtu hapewi ila kile ambacho mwingine anacho. Kwa hiyo tunapouliza kama wimbo ni bora ukiwa na mchanaji mgeni au bila yeye, tunauliza pia nyumba ni ya nani.

Kule Marekani jibu lilikuwa wazi. Chaka Khan alipotoa I Feel for You mwaka 1984, Melle Mel alichana ndani yake, na mwenye nyumba alikuwa mwimbaji. Mwaka 1989 Jody Watley aliwaalika Eric B. na Rakim katika Friends. Mtindo ulienea hata tuzo za Grammy zikaweka kundi maalumu la nyimbo za kuchana na kuimba kwa pamoja, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002.

Kwetu mambo yalianza kinyume. Mwaka 1991 Saleh Jabir alikuwa ameshaghani Kiswahili juu ya mdundo wa Ice Ice Baby, na miaka ya 1990 ikawa ya wachanaji: Kwanza Unit na Mr. II huko Tanzania, Kalamashaka wa Dandora huko Nairobi. Muziki ambao baadaye uliitwa Bongo Fleva ulizaliwa katika kuchana. Mwimbaji ndiye aliyekuwa mgeni, akiitwa kupamba kiitikio. Katika Zali la Mentali, Professor Jay anasimulia kisa chake na Juma Nature ameshirikishwa. Katika Boomba Train, treni ni ya E-Sir na Nameless ni abiria wa heshima. E-Sir alifariki katika ajali ya barabarani mwezi Machi 2003, na walimu wa Kenya bado humtaja kama kijana aliyeonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kwenda kasi bila kujikwaa.

Kisha, polepole, nyumba ikabadili mwenyewe. Waimbaji walishika soko, na mchanaji akabaki na ubeti mmoja karibu na mwisho, mistari kumi na sita akibahatika. Tazama watu wawili tu. Mwaka 2001 Professor Jay alimshirikisha Lady Jaydee katika Bongo Dar es Salaam. Mwaka 2013 Lady Jaydee akamshirikisha Professor Jay katika Joto Hasira. Wasanii ni walewale, ila sasa mwenyeji ni mwingine. Hatusemi kwamba wachanaji walifukuzwa kabisa. Darassa alipomwita Ben Pol katika Muziki mwaka 2016, wimbo ulivuma Afrika Mashariki nzima. Hata hivyo, msikilizaji aliyezaliwa baada ya 2000 anayedhani ubeti wa kuchana ni kitu kilichobandikwa kwenye wimbo wa kuimba anaitazama historia kwa nyuma.

Kwa Uganda kuna mlango mwingine. Kwa wengi wa Kampala, Kiswahili kilikuwa na sura ya kambi ya jeshi, na amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikuiondoa sura hiyo. Kilipokuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, vijana walikuwa wameshaanza kukiimba. Jose Chameleone, aliyepata jina kupitia studio za Nairobi, aliimba Jamila na Kipepeo kwa Kiswahili. Bebe Cool alijiunga na Nazizi na Wyre wa Necessary Noize wakawa East African Bashment Crew. Nazizi anachana, Wyre anaimba, Bebe Cool anaingia na mtindo wa ragga. Hapo mgeni alikuwa kibali cha kuvuka mpaka: kila mmoja alikuja na wasikilizaji wa kwao.

Watu wa Bwera walikuwa na mlango wa tatu, nao ni wa zamani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi ya Zaïko Langa Langa ya Kinshasa iliingiza katika sebene mtu wa kupaza sauti, kuita majina na kuchochea wachezaji, aitwaye *atalaku*. Bendi za dansi za Tanzania zikapata wao, zikawaita *marapa*. Kwa mtu aliyelelewa na muziki wa Kongo, sauti ya pili isiyoimba, inayovamia wimbo pale unapochemka, si ajabu wala si uvamizi. Anaishangaa nyimbo isiyo nayo.

Je, wimbo ni bora kwa namna ipi? Sisi tunapima kwa kipimo cha ushairi wetu. Kiswahili kina malumbano, na kina ngonjera zilizoendelezwa na Mathias Mnyampala. Mgeni anayejibu hoja ya mwenyeji yumo ndani ya mapokeo hayo. Katika Starehe ya Ferooz, wimbo kuhusu UKIMWI, Professor Jay anaingia ndani ya kisa kilekile. Ukimwondoa, kisa kinapungukiwa. Lakini mwimbaji analia kwa kuachwa, mara anatokea mtu anataja jina lake, mtaa wake na gari lake! Hayo ni majigambo, utanzu wenye heshima zake, ila si msibani. Kwa haki tuseme kwamba beti nyingi za wageni ni za aina hii ya pili, na wenzetu wanaozikata wana sababu.

Tunachopinga ni sababu nyingine, ile ya kwamba ubeti ukatwe kwa kuwa lugha yake ni ya mtaani. Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi kazi ya kunakili kwa maandishi wimbo mzima, pamoja na ubeti wa mgeni. Sehemu ya kuimba waliimaliza wote. Kwenye kuchana, palipo na *ndo* kwa *ndiyo* na silabi zinazomezwa, waliofika mwisho mapema walikuwa wale wa Bwera na Kabatoro, na wengine wakahama viti kwenda kukaa karibu nao. Sasa tunabishana kama ubeti huo uingie katika mtihani wa kusikiliza, na kikao cha idara bado hakijaamua.