Kutembea njia za misafara: kutoka Rabai hadi Migwani

Ukitoka mji wa Kitui ukielekea Mwingi, utapita Kabati kisha ufike Migwani. Lami ni ya juzi tu. Pembeni, kuteremka mpaka mito ya mchanga, ziko njia za miguu ambazo wenyeji wanazifuata mpaka leo kwenda kuteka maji na kwenda sokoni. Nilizitembea siku mbili nikiongozwa na mzee wa huko, nikaona niwaandikie wenzangu wa Pwani, maana mwisho wa safari za kale za Ukambani ulikuwa kwetu.

Kabla ya reli, Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa biashara kati ya bara na Mombasa. Walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba. Mkuu wa misafara aliyevuma zaidi ni Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Mwaka 1849 mmisionari Krapf, yule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, alitoka Rabai kwa miguu, akapita Taita, akavuka mito ya Tsavo na Athi, akafika kwa Kivoi. Tarehe 3 Disemba aliuona mlima wenye theluji ambao Wakamba waliuita kwa jina lililokuja kuwa jina la nchi yetu.

Njia hiyo haikuwa ya mchezo. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa karibu na Mto Tana. Krapf alirudi peke yake, akijificha mchana, maji ameyatia ndani ya mtutu wa bunduki. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, misafara ilikuwa inaelekea kwisha.

Anayetaka kutembea Migwani aende miezi ya ukavu, Juni hadi Septemba. Mvua zikinyesha, mto uliokuwa mchanga mtupu asubuhi unaweza kumchukua mtu jioni. Aanze alfajiri, achukue maji ya kutosha, atafute mwenyeji wa kumwongoza, na asikate shamba la mtu bila hodi. Mzee wangu alinionyesha kisima kilichochimbwa katika mchanga na kuzungushiwa miiba ili mifugo isiingie. Tulipanda kilima kuutazama Mlima Kenya, mawingu yakatunyima.

Japani wana njia za mahujaji za Kumano, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2004. Watu hutoka nchi za mbali kwenda kuzitembea, na vijiji vilivyo njiani vinapata riziki kwa kuwalaza na kuwalisha. Sisi Rabai tuna jumba la makumbusho la Krapf, lakini njia yenyewe haina hata jiwe la kuonyesha ilipopita.

Nilimuuliza mzee nani mwingine anazijua njia hizi. Alihesabu vidole vitatu, akakunja kimoja: yule alizikwa mwaka jana. Wakamba wa Rabai na Kinango, na sisi tuliokuwa tukiwapokea babu zao, tuna haki sawa ya kumbukumbu hii. Serikali za kaunti zikichelewa, vijana wetu wasingoje. Wachukue daftari na simu, wawafuate wazee, watembee nao sehemu baada ya sehemu wakiandika majina ya vituo na visima, maadamu vidole viwili bado vimesimama.