Draiva ya gofu: Mwinamo wa uso uchaguliwe kwa kasi ya mchezaji, si kwa fahari

MCHEZAJI wa gofu anayeishi Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, hana budi kusafiri mwendo mrefu kupitia Garsen, Malindi na Kilifi kabla ya kuufikia uwanja wa Vipingo Ridge wenye mashimo 18. Vifaa vya mchezo huo navyo huuzwa zaidi katika maduka ya Mombasa na Nairobi. Kwa sababu hiyo, wengi wanaofanya kazi katika miji ya mbali hununua fimbo zao kwa kuagiza, ama huziuziwa na wenzao zikiwa zimekwisha kutumika, bila kupata nafasi ya kuzijaribu.

Fimbo iliyo ghali kuliko zote, na ambayo kosa la kuichagua huonekana upesi kuliko zote, ni draiva. Hii ndiyo fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa, inayotumiwa kupiga mpira wa kwanza katika mashimo marefu. Draiva mpya hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Anayenunua isiyolingana na nguvu zake hulipa fedha hizo ili mpira wake uende karibu zaidi kuliko hapo awali.

Jambo la kwanza la kuangaliwa si jina la kampuni wala rangi ya kichwa, bali nambari ndogo iliyochorwa kwenye kichwa hicho: 9, 10.5 au 12. Nambari hiyo ni mwinamo wa uso wa fimbo, unaopimwa kwa digrii.

Maana ya mwinamo

Uso wa draiva haukusimama wima kabisa. Umelala nyuma kidogo ili mpira unapogongwa uelekezwe juu. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa, ndivyo uso unavyolala zaidi na ndivyo mpira unavyopaa zaidi. Draiva nyingi zinazouzwa zina mwinamo wa kati ya digrii 8 na 12, ingawa zipo zinazozidi hapo.

Mwinamo hufanya kazi mbili. Kwanza, huupa mpira pembe ya kuondokea. Pili, huuzungusha kinyumenyume. Mzunguko huo ndio unaoufanya upepo upite kwa kasi zaidi juu ya mpira kuliko chini yake, na hivyo mpira ukabebwa na hewa badala ya kuanguka kama jiwe lililorushwa.

Mpira ulioondoka kwa kasi kubwa hubebwa vyema hata ukiwa na pembe ndogo na mzunguko mdogo. Mpira wa kasi ndogo hauna uwezo huo. Ukipigwa kwa uso uliosimama mno, huruka chini chini na kuanguka mapema kabla ya kufika mbali. Kwa upande mwingine, mwenye kasi kubwa akitumia mwinamo mkubwa mno, mpira wake hupanda sana, hupoteza mwendo angani na kuanguka karibu wima bila kubingirika.

Kanuni basi ni rahisi: kasi ndogo huhitaji mwinamo mkubwa, na kasi kubwa huhitaji mwinamo mdogo.

Wanaume wa Muthaiga na wanawake wa Vipingo

Tatizo ni kwamba wachezaji wengi wa ridhaa huiga watu wasiofanana nao. Kwa miaka mingi mashabiki wa Kenya wamewatazama wanaume wa kulipwa katika mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza Muthaiga mwaka 1967 na kuingizwa katika ziara kuu ya Ulaya mwaka 2019. Baadhi ya wanaume hao hutumia draiva za digrii 9 au hata chini ya hapo. Ndipo ikazuka dhana kwamba nambari ndogo ni alama ya ubingwa, na kwamba fimbo ya digrii 12 ni ya wazee na wanaojifunza.

Takwimu zilizochapishwa na kampuni ya TrackMan, inayotengeneza mitambo ya kupima mapigo, huivunja dhana hiyo. Katika takwimu hizo za miaka ya 2010, wanaume wa ziara ya Marekani walikuwa na wastani wa kasi ya fimbo ya maili 113 kwa saa, na mpira wao uliruka mita 251 hivi kabla ya kugusa ardhi. Wanawake wa ziara ya Marekani walikuwa na kasi ya maili 94 kwa saa, na mpira wao uliruka takriban mita 199. Mwanamume wa ridhaa wa kawaida alikuwa na kasi ya maili 93 kwa saa.

Hivyo, kwa kasi, mwanamume huyo wa ridhaa yuko sawa na wanawake wa kulipwa, wala hawakaribii wanaume anaowaiga. Hata hivyo, wanawake hao humshinda kwa umbali. Sababu ni mbili. Huugonga mpira katikati ya uso wa fimbo mara kwa mara, na huurusha kwa pembe inayolingana na kasi yao. Wastani wa pembe ya kuondokea kwa wanawake ulikuwa digrii 13.2, na kwa wanaume digrii 10.9.

Mfano wa karibu uko Pwani yenyewe. Tangu mwaka 2019 uwanja wa Vipingo Ridge umewahi kuandaa mashindano ya Kenya ya ziara ya Ulaya ya wanawake, na mshindi wa kwanza alikuwa Mjerumani Esther Henseleit. Mwaka 2023 taji lilichukuliwa na Aditi Ashok wa India, aliyeshinda kwa pengo la mapigo tisa. Ashok ni miongoni mwa wachezaji wa kulipwa wasiopiga mpira mbali sana, lakini alimaliza wa nne katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Mchezaji wa ridhaa anayetafuta wa kumwiga angefaidika zaidi kwa kuwatazama wachezaji wa aina hiyo.

Kupima kasi bila mtambo

Njia bora ya kujua kasi ni kupimwa kwa mtambo wa rada, unaopatikana katika baadhi ya klabu na maduka makubwa. Asiyeweza kuufikia anaweza kupata makadirio kwa njia ya zamani: mipira kumi, kamba ya kupimia na msaidizi mmoja.

Mchezaji hutafuta uwanda mpana usio na watu, mifugo wala mashamba. Tahadhari hii ni ya lazima katika maeneo ya malisho na ya kilimo cha kando ya Mto Tana, kwani mpira wa gofu una uzito wa karibu gramu 46 na unaweza kumdhuru mtu au mnyama vibaya. Msaidizi husimama pembeni, mbali na njia ya mpira, akaweka alama pale mpira unapogusa ardhi kwa mara ya kwanza.

Hapa ndipo wengi hukosea. Katika ardhi kavu na ngumu kama ya Tana River, mpira unaweza kubingirika mbali sana baada ya kuanguka. Anayepima hadi unaposimama hujidanganya kuwa ana kasi asiyokuwa nayo. Kinachotakiwa ni umbali wa angani pekee.

Mipira miwili iliyokwenda mbali zaidi na miwili iliyokwenda karibu zaidi huachwa, na wastani wa sita iliyobaki huchukuliwa. Wastani huo kwa mita ukigawanywa kwa 2.1, jibu hukaribia kasi ya fimbo kwa maili kwa saa. Kwa mfano, aliyepata mita 180 ana kasi ya maili 86 hivi. Hesabu hii ni ya makadirio, na huwa sahihi zaidi kwa anayeugonga mpira katikati ya uso.

Mwinamo unaofaa

Baada ya kuijua kasi, mchezaji anaweza kuanza na vipimo hivi:

Chini ya maili 85 kwa saa: digrii 12 au zaidi.

Maili 85 hadi 95: digrii 10.5 hadi 12.

Maili 95 hadi 105: digrii 9.5 hadi 10.5.

Zaidi ya maili 105: digrii 8.5 hadi 9.5.

Vipimo hivi ni mwanzo tu, kwa kuwa watu wawili wenye kasi moja wanaweza kuhitaji miinamo tofauti. Kinachowatofautisha ni jinsi kichwa cha fimbo kinavyoufikia mpira. Kikiufikia kikiwa kinapanda, mpira huondoka juu zaidi, na mchezaji anaweza kupunguza digrii moja. Kikiufikia kikiwa kinashuka, kama wafanyavyo wengi waliozoea fimbo za chuma, mpira huondoka chini na kuzunguka kupita kiasi. Dawa yake ni kuuweka mpira mbele zaidi, karibu na kisigino cha mguu wa mbele, na kuuinua kwenye kijiti chake hadi nusu yake ionekane juu ya kichwa cha draiva. Marekebisho hayo hayagharimu chochote, na yafaa yafanywe kabla ya kununua fimbo nyingine.

Anayesumbuliwa na mpira unaopinda upande pia hunufaika na mwinamo mkubwa. Mzunguko wa kinyumenyume unapoongezeka, mzunguko wa kando hupungua nguvu, na mpira hupinda kidogo zaidi kuliko ungepinda kwa uso uliosimama.

Ugumu wa mpini haupaswi kusahauliwa. Herufi R huonyesha mpini wa kawaida, S mgumu, na X mgumu zaidi. A na L ni za wenye kasi ndogo. Mwenye kasi ya maili 86 akinunua kichwa cha digrii 12 chenye mpini wa X, atakuwa amerekebisha nusu ya tatizo tu.

Hewa ya Pwani na hewa ya Nairobi

Mahali pa kuchezea nako kuna neno lake. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa takriban asilimia 15. Hewa nyepesi huuzuia mpira kidogo, hivyo ukaenda mbali zaidi; lakini pia huubeba kidogo, hivyo ukaruka chini zaidi. Mchezaji aliyeizoea Muthaiga akishuka Vipingo, Nyali au uwanja wa Mombasa ulio kando ya bahari, asishangae mpira ukipanda zaidi na kufupika.

Kwa hiyo, afisa aliyehamishwa kutoka Nairobi hadi Hola, na ambaye sasa atacheza Pwani, hana sababu ya kukimbilia fimbo mpya kwa ajili ya mita alizopoteza. Sehemu kubwa ya mita hizo imechukuliwa na hewa, wala hakuna mwinamo utakaozirudisha zote. Asiutumie pia umbali aliopimwa Nairobi kukadiria kasi yake kwa hesabu iliyotajwa, kwa kuwa jibu litazidi.

Upepo nao hubadilika kwa majira. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi. Shimo linalochezwa dhidi ya upepo katika majira moja huenda likachezwa kwa kusukumwa na upepo katika majira mengine. Si busara kununua fimbo ya mwinamo mdogo kwa kuogopa upepo wa msimu mmoja. Upepo ukikaza, inatosha kuuteremsha mpira kwenye kijiti chake na kupiga kwa utulivu.

Kabla ya kulipa

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 draiva nyingi zimekuwa na shingo inayoweza kufunguliwa kwa bisibisi maalumu na kurekebishwa kwa digrii moja au mbili. Kwa mnunuzi wa mbali asiyeweza kuijaribu fimbo dukani, hii ni kinga nzuri. Hata hivyo, katika nyingi ya fimbo hizo, mwinamo ukiongezwa uso wenyewe hugeuka kidogo kuelekea kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Kanuni za gofu pia zinakataza kubadilisha mpangilio huo katikati ya mchezo. Anayepiga mpira kwa fimbo iliyobadilishwa hivyo huondolewa mashindanoni.

Anayeuziwa fimbo iliyotumika aangalie kama kichwa kina ufa, kama shingo imelegea, na kama bisibisi yake imo. Chama cha R&A huchapisha orodha ya vichwa vya draiva vilivyoidhinishwa, pamoja na miinamo yake. Nambari isiyokuwemo katika orodha hiyo ni dalili kwamba huenda bidhaa ni bandia. Ikumbukwe pia kwamba mwinamo halisi unaweza kutofautiana na ulioandikwa kwa kiasi cha digrii moja.

Mchezaji aliyepima mapigo yake, akayaandika, na kwenda dukani au kuagiza akiwa na nambari mkononi, hawezi kushawishika kwa urahisi na sifa za muuzaji. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mcheza gofu wa Hola, daftari hilo ni wastani wa mapigo sita aliyoyapima uwandani, na mali ni fedha atakazozitoa mara moja tu.