Kukata, Kuunga na Kuivisha: Zana za Wahariri wa Filamu na Maneno Yao

Mtu aendaye Msanzi, katika Wilaya ya Kalambo kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, hatazamii kukutana huko na tatizo la istilahi za filamu. Mwandishi wa makala haya alikutana nalo katika chumba kimoja cha biashara, ambamo kijana mmoja alikuwa akitengeneza video ya harusi kwa kompyuta ya mkononi. Amri zote za programu yake zilikuwa za Kiingereza, naye alikiri kuwa Kiingereza chake ni haba. Alizijua amri hizo kwa mahali zilipo, kama mtu ajuavyo vyombo vya jikoni kwake gizani. Mara akaingia mama mwenye harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkanda wetu umeiva?"

"Bado haujaiva, mama. Njoo jioni, nitakupakulia."

Chumbani hamkuwa na mkanda wala chungu. Hata hivyo mama alielewa, akaenda zake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wahariri wa filamu na video nchini mwetu walivyopata zana zao, na jinsi maneno yao yalivyohama nao kutoka zana moja hadi nyingine. Wanaotunga istilahi huwa tunadhani kwamba zana mpya huja na maneno mapya. Historia ya kazi hii yaonyesha kwamba mara nyingi ni kinyume chake: fundi huipokea zana mpya pale tu anapoweza kuingia nayo na maneno yake ya zamani.

Tuanze na neno lenyewe. Kuhariri ni neno tulilolipata kwa Kiarabu, likazoeleka kwetu kwa njia ya vitabu na magazeti. Lilipelekwa kwenye filamu kwa sababu Waingereza hutumia neno moja kwa mhariri wa gazeti na wa filamu. Wafaransa hawakufuata njia hiyo. Kazi hii wao huiita kwa neno lenye maana ya kuunganisha sehemu za kitu, na Wajerumani kwa neno lenye maana ya kukata. Kwa hiyo Mwingereza aliona kalamu, Mfaransa akaona nyundo, na Mjerumani akaona mkasi. Sisi tulirithi kalamu. Neno kuhariri ni zuri na limekwisha kukubalika, lakini haliambii mikono ifanye nini. Ndiyo maana mafundi wetu wakiwa kazini husema kukata na kuunga, na la kuhariri huliacha kwenye barua za maombi ya kazi.

Kazi hiyo ilifanyika mapema katika nchi yetu. Mwezi Machi 1935 lilianza jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, na makao yake yakawa Vugiri, katika milima ya Usambara. Lilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, na waliokabidhiwa kazi ni Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi lilipokwisha mwaka 1937, filamu 35 zilikuwa zimetengenezwa, nazo zilionyeshwa kwa gari katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati.

Yafaa tusimame kidogo Vugiri, kwa sababu zana iliyochaguliwa pale iliamuliwa na suala la lugha. Filamu zenyewe zilikuwa za milimita 16 na hazikuwa na sauti ndani yake. Sauti ilitiwa kwenye sahani za santuri, nazo zikapigwa sambamba na picha. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuachwa katika majumba ya sinema ya Ulaya na Marekani, lakini kwa watu wa Vugiri ilikuwa na faida moja kubwa: filamu ileile iliweza kusema Kiswahili leo na lugha nyingine kesho kwa kubadilisha sahani tu. Gharama yake ilimwangukia mhariri. Filamu ikikatika njiani, na vipande vyake vikaungwa bila kurudisha urefu uliopotea, picha hutangulia na maneno hubaki nyuma mpaka mwisho. Fundi hulazimika kuunga kipande kitupu chenye urefu uleule wa kilichoharibika. Hapo kuunga hakumaanishi kuleta ncha mbili pamoja basi. Kunamaanisha kurudisha kipimo. Waunga mifupa wa vijijini wangeuelewa ufundi huo bila maelezo.

Mwaka 1939 Waingereza wakaanzisha huko London idara ya filamu kwa makoloni yao, Colonial Film Unit, chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata filamu iliyokatwa kwa haraka. Akaagiza picha ndefu, mwendo wa pole, na kuepuka hila za mkato. Kwa hiyo mhariri aliambiwa asikate hata pale ambapo mkono wake ulimtuma akate. Bibi zetu walikuwa wakisimulia hadithi zinazoruka kutoka baharini hadi ikulu kwa sentensi moja, na watoto wakazifuata. Lakini hilo halikuulizwa.

Mapema katika miaka ya 1950 kampuni ya Afrika ya Kusini ilitengeneza Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa. Ni Kawawa huyohuyo ambaye Januari 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali. Mwaka huohuo Sheria Na. 27 ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa.

Baada ya Shirika la Filamu kuanzishwa mwaka 1968, na Audio Visual Institute mwaka 1974 kwa msaada wa Denmark, kazi ilifanyika Dar es Salaam kwa filamu ya selulosi. Filamu ilipigwa, ikasafishwa (na tazama jinsi neno kusafisha picha lilivyoingia lenyewe, bila kamati), kisha ikakatwa kwa wembe na kuungwa kwa gundi au utepe. Katika kazi ya namna hii vipande visivyotumika huning'inizwa kwenye vijino juu ya kapu lenye kitambaa ndani, visije vikakwaruzwa. Msomaji aukumbuke wembe huo na kapu hilo.

Kisha ukaja mkanda wa video. Televisheni ya Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwaka 1974. Bara ilibidi kungoja hadi 1994, kituo cha ITV kilipoanza. Mkanda wa video haukatwi. Mhariri huweka mashine mbili, akanakili kutoka mkanda mmoja hadi mwingine, kipande baada ya kipande, kwa mpangilio uleule atakaouona mtazamaji. Akikumbuka jambo lililopaswa kuwa katikati, hana pa kulipenyeza. Huanza tena tangu pale, au hukinakili upya kilichokwisha kunakiliwa, na picha hufifia kwa kila nakala. Zana hii basi ilimnyang'anya mhariri wembe wake. Lakini neno kukata halikunyang'anywa. Mafundi waliendelea kusema "kata hapa" huku wakibonyeza kitufe cha kunakili. Nao wateja wakapata neno lao, mkanda wa harusi, ambalo limedumu kuliko mkanda wenyewe.

Kompyuta ndiyo iliyorudisha wembe. Avid Media Composer ilitokea mwaka 1989, Premiere ya kampuni ya Adobe mwaka 1991, na Final Cut Pro ya kampuni ya Apple mwaka 1999. Waliozitunga walijua kwamba watawauzia watu waliozeeka mezani kwa selulosi, wakachora kioo kilichofanana na meza ile. Avid iliweka vipande ndani ya kapu, kwa jina lilelile la kapu la kitambaa. Kukata ndani ya Premiere hufanywa kwa alama ya wembe. Mhariri aliyefika mbele ya kioo akakuta kapu na wembe alikuwa amekwisha kufika nusu ya safari.

Ushahidi wa kinyume ulipatikana Juni 2011. Apple ilitoa Final Cut Pro X, iliyoandikwa upya kabisa. Programu ilikuwa na kasi, lakini haikuweza kufungua kazi zilizofanywa katika toleo lililotangulia. Njia za picha na sauti zilizopangwa safu kwa safu zikaondolewa. Na majina yakabadilishwa, hata kile kilichoitwa mradi kikapewa jina jingine, na jina la mradi likapewa kitu kingine. Wahariri wa Marekani na Ulaya walilalamika hadharani, na wengi wakahamia Premiere au Avid. Sababu zilikuwa nyingi, na upungufu ulikuwa wa kweli. Lakini sisi wa istilahi tuliangalie hilo la mwisho. Neno jipya hujifunzwa kwa siku moja. Neno la zamani lililopewa maana mpya humkwaza mtu kila anapoligusa, kwa sababu ni lazima kwanza alisahau.

Hapo ndipo pa kumrudia kijana wa Msanzi. Nilimuuliza kwa nini ametwaa programu ile na si nyingine, maana tangu 2011 DaVinci Resolve imekuwa na toleo la bure, ilhali Adobe mwaka 2013 iliamua kuwa matoleo mapya yatakodiwa kwa ada badala ya kununuliwa. Hakutaja bei wala uzuri. "Aliyenifundisha yupo Sumbawanga, kaka, naye hutumia hii. Nikikwama nampigia simu, ananiambia: nenda kwenye wembe, rudi kwenye kapu. Nikitwaa nyingine nitamuuliza nani?" Kuchagua programu kwake ni kuchagua watu wa kuulizana nao, na maneno ya kuulizana. Amri za Kiingereza hazisomi. Yeye na mwalimu wake wana Kiswahili chao kilichowekwa juu yake, kisichoandikwa popote. Programu ikibadilisha mahali pa amri, Kiswahili hicho nacho hupotea njia.

Katika uwanda uleule zimesimama tanuru ndefu za udongo zinazoitwa malungu, ambamo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto, kwa upepo ulioingia wenyewe; kisha chuma kikasafishwa katika tanuru ndogo, vintengwe. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, lakini majina yamebaki. Jina lina tabia hiyo ya kumzidi mwenye kazi umri, na mtunga istilahi asiyelijua hilo hutunga majina ya vyombo vitakavyotupwa kabla orodha yake haijapigwa chapa.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Premiere, Avid na Final Cut Pro hazikupata bahati hiyo. Kabla hazijaipata, maneno yawe tayari, na rai yangu ni kwamba tuite vitendo zaidi ya vyombo: kukata, kuunga, kupanga, kuchuja. Kapu libaki kapu. Kwa kazi ile ya mwisho, ambayo kompyuta huchanganya picha na sauti zote kuwa faili moja, vijana wa mijini husema kurenda. Neno hilo linanyumbulika na sina ugomvi nalo, ila limekuja peke yake bila ndugu. Kuivisha lina ukoo: picha zilizotoka kwenye kamera ni mbichi, zikiwa tayari zimeiva, na kupakua tulikwisha kulikubali kwa mambo ya intaneti, ingawa lilitoka kwenye chungu. Mwenzangu mmoja kazini alipinga, akisema tutaijaza kamusi moshi wa jikoni. Sikupata jibu la kumtosha, ila nilimweleza yaliyotokea jioni ile.

Umeme ulikatika kazi ikikaribia kwisha, na betri ya kompyuta ilikuwa imechakaa. Mama alirudi akakuta giza. "Umeungua?" akauliza.

"Haujaungua, mama," kijana akasema, "umerudi kuwa mbichi. Umeme ukiwaka naubandika tena."