Kurudi kwa Michael Myers
Filamu ya kutisha ya John Carpenter, Halloween, ilitoka Marekani mwaka 1978. Muuaji wake, Michael Myers, alivaa barakoa ya dukani yenye sura ya mwigizaji William Shatner, iliyopakwa rangi nyeupe. Uso huo usioonyesha hasira wala huruma ulitisha kuliko kisu chenyewe. Sehemu ya pili, ya 1981, ilimteketeza kwa moto. Carpenter na mwandishi mwenzake, Debra Hill, walitaka kila filamu inayofuata iwe na hadithi yake mpya, hivyo ile ya 1982 ikatoka bila Myers. Watazamaji wengi waliikataa.

Mtayarishaji Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, Syria, akaamua kumrudisha. Alan B. McElroy aliandika mswada kwa siku 11, akiuwahi mgomo wa waandishi wa Hollywood, na Dwight H. Little akaiongoza filamu huko Utah. Halloween 4 ilitoka Oktoba 1988. Jamie Lee Curtis, aliyeigiza msichana aliyewindwa na Myers katika filamu mbili za kwanza, hakurudi. Aliyewindwa safari hii ni binti wa mhusika wake, aliyeigizwa kwa ustadi wa kushangaza na mtoto Danielle Harris. Donald Pleasence alirudi kama Loomis, daktari wa Myers. Sehemu ya tano ilifuata mwaka 1989.