Ngoma za Uzinduzi Zikinyamaza

Juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo wenye makampuni hulisahau mara tu ngoma za uzinduzi zinaponyamaza. Kuitangaza programu mpya ni kazi ya siku moja. Kumfanya mtu aliyeijaribu leo airudie mwezi ujao, hapo ndipo penye kazi, na historia ya M-Pesa ni ushahidi wa kutosha.

Wengi hudhani M-Pesa ilianza Machi 2007, pale Safaricom ilipoizindua nchini Kenya. La hasha. Majaribio yalianza Oktoba 2005, kwa watu wasiofika 500, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Walikuwa wakopaji wa shirika la Faulu Kenya, na programu ilikusudiwa kuwawezesha kurejesha mikopo yao kwa simu.

Lakini Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliousimamia mradi huo, wakaona mambo ambayo hawakuyapanga. Wakopaji walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao. Mwenye safari aliziweka fedha zake kwa wakala wa huku, akazitoa kwa wakala wa kule aendako, mwizi wa njiani asipate kitu. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawarushia jamaa zao mashambani. Kampuni nyingine ingewaambia wateja kwamba wamekosea matumizi! Hawa waliuweka kando mpango wa mikopo, wakazindua programu yenye kazi chache: kuweka na kutoa pesa, kumtumia mtu, na kununua muda wa maongezi. Tangazo likawahimiza watu watume pesa nyumbani. Na nyumbani, msikilizaji, hakutumwi mara moja. Kila mwisho wa mwezi mama yupo, na ada ya shule ipo.

Huku Tanzania Vodacom ilizindua M-Pesa mwaka 2008. Miezi 14 baada ya uzinduzi, Kenya ilikuwa imepata wateja zaidi ya milioni 2. Sisi katika muda kama huo hatukufika laki 3. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini mimi naijua moja kwa machungu yake. Mwaka 2009 nilimtumia shangazi yangu pesa za dawa. Ujumbe ukamfikia palepale. Akatembea saa nzima hadi kwa wakala, wakala akavuta droo: hamna noti. "Rudi kesho, mama." Shangazi hakurudi kesho yake, wala mwezi uliofuata, nami nikarudia mtindo wangu wa zamani wa kumpa kondakta wa basi bahasha. Programu haikuwa na kosa lolote siku ile. Aliyekwama ni wakala asiye na floti, na kwa shangazi yangu wakala ndiye aliyekuwa M-Pesa yenyewe.

Baadaye wakawekwa wasambazaji wa kuwafikishia mawakala floti. Shangazi alikwenda tena, baada ya kuona majirani hawarudi mikono mitupu, na bahasha za kondakta zikakoma.

Na ile mikopo iliyowekwa kando? Ilirejea Kenya Novemba 2012 kwa jina la M-Shwari, Safaricom ikishirikiana na Commercial Bank of Africa. Safari hii wateja walikuwa na miaka 5 ya kuzoea kubonyeza.